Chuo kinachora jukwaa, timu inaomba maji: nani alipie uwanja wetu wa mpira Mtwara?

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Masasi. Huku minada ya korosho imeanza na mazungumzo ya kila kijiwe ni bei, lakini mawazo yangu yako Mtwara mjini, kwenye kiwanja cha chuo nilichosoma. Jina la chuo nalihifadhi. Wenzangu tuliosoma pamoja mtanielewa.

Wiki iliyopita ilitumwa picha ya mchoro kwenye kundi letu la wahitimu. Ni uwanja mpya wa mpira wa miguu: jukwaa lenye paa, viti vya rangi mbili, geti kubwa, nguzo nne za taa. Chini ya picha kuna ombi la mchango kwa kila mhitimu. Watu wakafurahi, pongezi zikamiminika. Mimi niliuvuta mchoro ule kwenye simu nikatafuta kisima, sikukiona. Nikatafuta mitaro ya maji ya mvua, hakuna. Vyumba vya kubadilishia nguo vipo viwili, lakini vimewekwa chini ya jukwaa. Maana yake ni kwamba hadi jukwaa likamilike, dada zetu wa timu ya wanawake wataendelea kubadilisha nguo nyuma ya kanga.

Mchango nitatoa, na nimeshautenga. Ninachoomba tujadili ni pesa ianzie wapi kwenye ujenzi, na itoke kwa nani.

Kwa asiyekijua kiwanja chetu: kipo kati ya mabweni na safu ya mikorosho, upande mmoja unaelekea baharini. Udongo wake ni mchanga. Ikifika Februari maji yanatuama katikati, mpira ukidondoka pale hauendi popote. Ikifika Agosti nyasi zimebaki pembeni tu chini ya kivuli, kwingine kote ni vumbi, na ukiingia kwa kuteleza unaamka umechubuka kuanzia paja hadi goti. Magoli ni ya bomba la chuma. Hewa ya chumvi imeyala kwa miaka, ukiugonga mlingoti wa kushoto kwa chini unasikia uwazi ndani yake, na kutu inabaki kiganjani.

Nilicheza pale miaka mitatu, kiungo mkabaji. Mwaka wa pili, beki wetu wa kulia alikuwa anakimbiza mpira unaotoka nje akakanyaga shimo karibu na kibendera cha kona. Hakuguswa na mtu. Goti lilizunguka, na nilimsikia nikiwa mita kama ishirini. Tulimbeba juu ya godoro la bweni hadi kwenye bajaji. Hakucheza tena. Leo ni mwalimu Newala, na ngazi anapanda huku ameshika paja. Kesho yake asubuhi mlinzi wa chuo alilifukia shimo lile kwa koleo mbili za mchanga, kazi ya dakika tano.

Ndiyo maana nasema tuanze chini, kwenye udongo.

Tupige hesabu ya maji, maana ndiyo inayoua viwanja vya kusini. Uwanja wa kipimo cha kimataifa ni mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Nyasi za kawaida kama ukoka, kwa jua letu, tuseme zinahitaji milimita 5 za maji kila zinapomwagiliwa. Milimita 5 juu ya eneo lile ni lita 35,700. Hayo ni maboza matatu na nusu ya lita elfu kumi, kwa mwagilio mmoja tu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukimwagilia mara tatu kwa wiki kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba, unahitaji karibu lita milioni 2.8. Hakuna chuo kitakachonunua maboza hayo mwaka hadi mwaka. Bila kisima kirefu, pampu ya sola na tanki, jukwaa litakuwa la kuangalizia vumbi.

Najua kuna watakaosema tuweke nyasi bandia. Mwaka 2021 Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira, kuanzia viwanja vya majiji, na ni hatua nzuri. Lakini zulia lile linachoka, miaka minane hadi kumi linataka kubadilishwa, na adhuhuri ya Mtwara linawaka moto chini ya kiatu. Chuo kilichoshindwa kununua nyavu mpya kitanunuaje zulia la pili?

Sasa pesa. Mara nyingi mifano inayoletwa ni ya Marekani, basi tuitazame vizuri. Mpira wao wa vyuo ni ule wa mikono na kofia ngumu, lakini suala la nani analipa ni lile lile. Kuna njia ya tajiri mmoja: T. Boone Pickens, mfanyabiashara wa mafuta, alikipa chuo chake cha Oklahoma State dola milioni 165 kwa ajili ya michezo, na uwanja wa mpira unaitwa kwa jina lake. Kuna njia ya rika: Harvard walijenga uwanja wao wa zege mwaka 1903, na dola 100,000 zilitoka kwa darasa lililohitimu mwaka 1879. Watu waliosoma pamoja walichanga pamoja, wakaacha kitu kinachosimama hadi leo. Na kuna njia ya mkopo. California, pale Berkeley, uwanja ulifunguliwa upya mwaka 2012 baada ya ukarabati wa dola milioni 321, mpango ukiwa deni lilipwe kwa kuuza haki za viti kwa miaka mingi. Viti havikununuliwa kama walivyotarajia na deni likabaki shingoni mwa chuo.

Sisi Pickens hatuna, na njia ya Berkeley ni hatari. Njia ya rika tunaiweza. Ila nisingependa wahitimu tubebe peke yetu wakati mkoa huu una bandari, una gesi ya Mnazi Bay inayosafirishwa hadi Dar es Salaam, una kiwanda cha saruji cha Dangote, na una korosho. Nawakaribisha wakuu, hasa mliocheza na mliowahi kusimamia miradi.

#2 Mchangiaji, Mtwara mjini

Naunga mkono hoja. Mimi naishi Shangani, kiwanja hicho nakipita karibu kila jioni. Wiki hii wanachezea upande mmoja tu, wamehamishia goli katikati kwa mawe mawili. Mtwara kuchele, yaani kumekucha, lakini kwenye viwanja bado giza.

#3 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mleta mada, samahani, nakupinga. Chuo cha ualimu au cha biashara kazi yake ni kufundisha. Maktaba zimejaa vitabu vya zamani, wanafunzi wanapanga foleni kwenye kompyuta, halafu mnachangisha uwanja? Mpira wa kulipwa una wenyewe, Simba na Yanga na Azam. Ndanda, timu ya Mtwara, walipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kushuka 2020, wakitumia uwanja wa Nangwanda Sijaona, na mkoa mzima ulikuwa nyuma yao. Walibakiza nini? Kama mkoa mzima ulishindwa kuibakiza timu moja juu, chuo kitaweza?

#4 Mleta mada

Mkuu hapo juu, hoja yako ni nzito na naiheshimu. Maktaba kweli inahitaji vitabu. Lakini nikujibu kwa hao hao Ndanda uliowataja. Uwanja wa Nangwanda ni mali ya CCM, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya mikoani. Klabu ilikuwa mpangaji, na mpangaji hachimbi kisima kwenye nyumba ya mtu. Miaka yote ile ya Ligi Kuu pesa iliingia kwenye usajili, posho na nauli za kwenda Bukoba na Mwanza. Timu iliposhuka, kilichobaki ardhini kwa jina la klabu ni kipi? Ndiyo maana mimi nauangalia uwanja kabla ya timu. Timu hupanda na kushuka. Kisima kinabaki.

Tazama na jirani zetu wa Lindi. Namungo wa Ruangwa walipanda mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya wilaya! Lakini mechi zao za nyumbani za makundi zilichezwa Dar es Salaam. Mtoto wa Ruangwa aliyeipenda timu ile aliitazama kwenye runinga ikicheza "nyumbani" kilomita mamia kutoka kwao. Liliniuma kuliko matokeo yenyewe.

Halafu kuna jambo hulioni ukiwa Dar. Chuo chetu kinatoa walimu. Wanakwenda Tandahimba, Nanyumbu, Liwale, Nachingwea, na kila mmoja anakabidhiwa timu ya shule, apende asipende. Mwaka 2019 na tena 2021 michezo ya shule za sekondari na za msingi, UMISSETA na UMITASHUMTA, ilifanyika hapa Mtwara, watoto wa nchi nzima walikuja. Wale waliotoka mikoa yetu walifundishwa na nani kupiga pasi? Na walimu ambao wenyewe walijifunzia kwenye kiwanja chenye mashimo. Mwalimu ambaye hajawahi kuona nyasi zinavyotunzwa hatakwenda kuzitunza shuleni kwake. Kwa hiyo kwangu kiwanja kile ni darasa, sawa na maabara.

Nakubaliana nawe sehemu moja: pesa ya vitabu isiguswe. Ndiyo maana naongelea wahitimu na wafadhili, sijaongelea ada.

#5 Mchangiaji, Lindi

Kaka, asante kwa kututaja nyuma ya kanga. Nilichezea timu ya wanawake ya chuo hicho hicho, baada yako nadhani. Watu wakisikia "kubadilisha nguo nyuma ya kanga" wanadhani ni maneno tu. Wawili wanashika ncha, mmoja anavua, upepo wa bahari unapiga, na upande wa pili wa mikorosho kuna njia ya bodaboda. Tulikuwa tunavaa jezi chini ya magauni tukitoka bwenini ili tusihitaji kuvua. Siku ya hedhi mchezaji anasema anaumwa tumbo, anabaki chumbani. Kocha wetu alikuwa mwanaume, mtu mwema sana, akawa anaandika "mgonjwa". Kwa mwezi unaweza kukosa wachezaji wanne, watano, na hakuna hata mmoja mgonjwa.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi, mchango wangu uende kwenye chumba chenye mlango, maji na sehemu ya kutupia taka, kabla hata ya nyasi. Vyumba viwili vyenye ukubwa sawa. Visiwe chini ya jukwaa la ndotoni.

#6 Mleta mada

Dada, nimesoma mara mbili. Nilikuwa nimeweka kisima kwanza na vyumba baadaye. Umenibadilisha. Kisima na vyumba vinakwenda pamoja, maana chumba bila maji ni stoo tu. Nyasi zitafuata.

#7 Mchangiaji, Tandahimba

Wanangu, mimi ni mzee wa chama cha msingi cha ushirika, nimeuza korosho tangu kabla ya stakabadhi ghalani. Naona mjadala unaelekea kwenye korosho, nataka niweke neno mapema. Ni kweli huku kusini wakulima wamewahi kukubaliana wakatwe shilingi kadhaa kwa kilo kwa ajili ya elimu, na yapo madarasa yaliyojengwa hivyo. Lakini yalikuwa madarasa ya watoto wao, kijijini kwao, wanayaona. Mkulima akiona makato mapya kwenye karatasi ya malipo yameandikwa "uwanja wa chuo", atauliza mtoto wangu anacheza hapo? Na jibu ni hapana. Makato yameshakuwa mengi, kuna ya chama, ya ghala, ya usafirishaji. Msiongeze jingine. Mtaharibu jina la mradi kabla haujaanza.

Mkitaka msaada wa vyama vikuu, nendeni na barua, muombe kitu kimoja kinachoonekana, kama tanki. Mkutano mkuu wa wanachama ukipitisha kutoka kwenye ziada ya chama, sawa. Lakini kilo ya mkulima iacheni.

#8 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Ushauri nimeupokea wote. Kilo ya mkulima haiguswi, na nitalisema hilo kwenye kundi la wahitimu kwa maneno hayo hayo, maana kuna aliyependekeza.

Nimeletewa faragha mapendekezo mengine ya vyanzo. Niyajibu hapa ili wote tusome.

Kuna anayesema tuombe ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Ile ni mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na inarejeshwa. Uwanja wa chuo haurejeshi mkopo. Tuiache kwa mama lishe na vijana wa bodaboda.

Kuna aliyesema FIFA. Kwenye mzunguko wa 2023 hadi 2026 kila shirikisho la mpira la nchi linaweza kupata hadi dola milioni 8 za mpango wa maendeleo wa FIFA Forward, na vituo vya ufundi vya shirikisho letu, TFF, pale Kigamboni na Tanga vilijengwa kwa fedha za FIFA. Lakini mlango wa pesa hiyo ni TFF. Chuo hakiandiki barua Zurich, makao ya FIFA. Tunachoweza ni kupitia chama cha mpira cha mkoa, tukiwa na hati ya ardhi mkononi na ahadi ya maandishi kwamba timu za watoto za mtaa zitatumia uwanja. Hiyo nataka tuipange vizuri, kwa sababu shirikisho lina sababu ya kujali kituo cha vijana kusini kuliko kujali timu ya chuo.

Upo pia Mfuko wa Maendeleo ya Michezo wa Serikali, unaopata sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha. Vijana wetu wanapeleka pesa kwenye mikeka kila wikiendi, Chuno hadi Mikindani. Sidhani ni dhambi kuomba kidogo irudi ardhini.

Kisha makampuni. Halmashauri hupata ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mapato, kutoka kwa kampuni zinazofanya kazi eneo lake, zikiwemo za gesi. Huo ni wa wananchi wote, zahanati na vyoo vya shule viko mbele yetu, siugusi. Lakini kampuni ikitaka jina lake liwekwe kwenye uwanja kwa miaka mitano, ilipie matunzo ya miaka mitano. Nasisitiza matunzo. Kampuni hupenda kukata utepe, wanapigwa picha na hundi kubwa ya karatasi, halafu hakuna anayelipa mshahara wa mtu wa kumwagilia. Mimi ningemwambia mfadhili: geti tutajenga wenyewe, wewe tulipie mtunza uwanja, mafuta ya mashine ya kukatia nyasi na spea za pampu. Ubao wa jina lako tutauweka mahali kila mtu anapauona.

#9 Mchangiaji, Mikindani

Mimi ni fundi bomba na nimechimba visima ukanda huu. Jamani, msichimbe kisima karibu na bahari bila kupima maji kwanza. Mtapata maji, ndiyo, lakini yana chumvi. Ukimwagilia nyasi za kawaida maji ya chumvi msimu mzima, udongo unapata ukoko mweupe juu, nyasi zinageuka njano kuanzia ncha, mtadhani ni ugonjwa. Mwambieni mpimaji atoe majibu ya chumvi kwa maandishi kabla hamjalipa hata nusu. Na kisima kikishapatikana, msivute kwa nguvu siku nzima, maji ya bahari yanasogea ndani. Pampu ndogo inayojaza tanki taratibu inawafaa kuliko pampu kubwa.

Magoli: achaneni na bomba jeusi lililopakwa rangi. Chukueni lililozamishwa zinki, na pale linapoingia ardhini lizungushieni zege lipande juu ya udongo kidogo, maana chuma huoza pale pale kinapokutana na mchanga. Nyavu ni za bei ndogo, mtazibadilisha kila mwaka.

Halafu, kabla ya kukodi greda, kuna mtu amepima mteremko?

#10 Mleta mada

Fundi, hakuna aliyepima. Mchoro ule umeandika "kusawazisha uwanja" na umeitengea kazi hiyo fungu kubwa kuliko vyumba vya kubadilishia. Sote tumekuwa tukisema kiwanja kimeinama kuelekea baharini, kwa hiyo greda. Hatukuwahi kuhoji. Jumamosi nateremka Mtwara. Unaweza kuja na mpira wa maji, ule bomba la kupimia usawa?

#11 Mchangiaji, Mikindani

Nitakuja. Leteni kamba ya mita mia na vijiti.

#12 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi yule wa vitabu. Nimerudi kusoma na nimeona hapo mmemkatalia mtu makato ya korosho na mmeacha ushuru wa zahanati. Hilo nimelipenda. Ila nauliza: pesa itakaa wapi? Nimechangia miradi mitatu ya wahitimu maishani mwangu, na miradi miwili hadi leo sijui iliishia wapi. Mmoja ulikuwa wa basi la timu. Tuliambiwa limefika bandarini. Ni miaka saba sasa.

#13 Mleta mada

Pole sana, kaka. Nami nilichanga kwa jambo kama hilo nikiwa mwanafunzi, tulikatwa pesa ya michezo kila mwaka na siku moja tulipoomba mipira miwili tukaambiwa fungu limekwisha. Hatukuonyeshwa karatasi. Ndilo linalonifanya niandike yote haya hadharani.

Ninachotaka kwenye mkutano wa wahitimu ni hivi. Akaunti ya mradi iwe peke yake, isichanganywe na ya chuo, na watia saini wawe watatu: mmoja wa chuo, mmoja wa wahitimu, mmoja mwanafunzi aliyechaguliwa na timu zote mbili. Kila mwisho wa mwezi picha ya taarifa ya benki itumwe kwenye kundi, hata kama hakuna kilichoingia. Pesa ya kisima ikikamilika kisima kichimbwe, hata kama pesa ya nyasi haijapatikana. Na kabla ya senti ya kwanza, chuo kitupe barua inayosema eneo lile litabaki la michezo, maana nimeona viwanja vikigeuzwa mabweni siku udahili unapoongezeka. Huko Lindi, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi kupitia HEET, mradi wa Serikali wa elimu ya juu, ninawaomba wenzetu wadai kipande cha kiwanja kiwekwe kwenye ramani sasa hivi, wakati mawe ya mipaka bado mapya. Baadaye ni shida tupu.

Na nikupe mfano mmoja wa mwisho kutoka kwa Wamarekani, kwa sababu ulinigusa uliposema mpira una wenyewe. Chuo cha Alabama kilichopo Birmingham kilifuta timu yake ya mpira Desemba 2014, wakasema gharama imewashinda. Wachezaji walilia mbele ya mkuu wa chuo. Mji ukaamka, wahitimu na wafanyabiashara wakaahidi fedha, na Juni 2015 timu ikarejeshwa. Hawakukimbilia kucheza. Walikaa misimu miwili bila mechi, wakajenga kwanza jengo la timu na uwanja wa mazoezi wenye paa la kuzuia jua. Waliporudi mwaka 2017 walishinda mechi 8. Uwanja mkubwa mpya wa mji ulikuja baadaye, 2021. Mazoezi kwanza, jukwaa mwisho.

#14 Mleta mada: MREJESHO

Wakuu, jana Jumamosi tulikuwa kiwanjani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Tulikuwa kumi na mmoja: fundi na kijana wake, wachezaji sita wa timu zote mbili, mlinzi, mimi, na yule beki wetu wa kulia, aliyekuja kutoka Newala usiku bila kuniambia. Alishika kijiti upande wa kona ile ile.

Tulipiga vijiti kila mita kumi, tukapima kwa mpira wa maji, kijana wa fundi akaandika kwenye daftari. Kutoka goli la juu hadi goli la upande wa bahari, tofauti ni sentimita 84. Kwa urefu wa mita 105 haifiki hata asilimia moja. Fundi alirudia kupima mara mbili kwa sababu hatukumwamini. Kiwanja hakijainama kama tulivyoamini miaka yote. Tatizo ni bonde la katikati: eneo la kama mita 30 kwa 20 limezama, mahali penye kina kirefu ni sentimita 19, na maji ya mvua hayana pa kutokea. Kinachohitajika ni kujaza udongo pale na kuchimba mtaro mmoja kuelekea kwenye mikorosho. Fundi anasema greda haina kazi hapa. Ni lori za udongo mwekundu, koleo na watu.

Fungu la "kusawazisha uwanja" lililo kwenye mchoro nimeandika barua kuomba lihamishiwe kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Dada wa Lindi amekubali kuusimamia mchoro wa vyumba. Mpimaji wa maji anakuja Jumanne. Wanachama wawili wa chama kikuu cha mzee wetu wameomba tuwapelekee bei ya tanki.

Kabla ya kuondoka tulijaza mashimo yote tuliyoyaona kwa mchanga na tukayashindilia kwa miguu. Yalikuwa kumi na saba. La kona alilijaza beki wetu mwenyewe.